Watano Watano: Vidokezo kwa Wanaoanzisha VICOBA

Kila mtaa una VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na kila mtaa una kikundi kilichokufa kabla ya siku ya mgao. Chenu kisije kikaingia kwenye orodha hiyo.

1. Msijazane. Watu 15 hadi 30 wanatosha. Mkizidi hapo hamjuani tena, na asiyejulikana kwake ni wapi ndiye anayehama na mkopo.

2. Jigaweni watano watano. Nguvu ya VICOBA iko hapa kuliko penginepo. Wanachama 30 wanakuwa makundi sita, na kila watano wanachaguana wenyewe, kisha wanadhaminiana. Mmoja akichelewesha rejesho, wanne wenzake ndio wanaokwenda kumbishia hodi, si mwenyekiti. Kwa hiyo chagua mtu unayeweza kumdai bila kumung'unya maneno. Shemeji, bosi na mama mwenye nyumba wako waende kundi jingine!

3. Sanduku moja, kufuli tatu. Funguo zikae kwa watu watatu wasiolala nyumba moja, na sanduku kwa mtu wa nne. Mfumo wa vikundi hivi vya kuweka na kukopeshana ulianzia vijijini Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipowakusanya wanawake, wengi wao wasiojua kusoma. Hesabu ilitajwa kwa sauti, kila mtu akaikariri. Leo mnatumia simu? Sawa, lakini salio lisomwe mbele ya kikao.

4. Bei ya hisa aipange mwenye kipato cha chini. Kama mama ntilie hamudu hata hisa moja siku ya mvua, mmekosea bei. Wenye nacho wanunue mpaka tano.

5. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, uwe mbali na hisa. Msiba hauombi ruhusa.

6. Mwenyekiti akichelewa, alipe faini. Kwanza yeye.

7. Majirani wakitaka kujiunga, wasaidieni waanzishe chao. Kikundi cha watu 80 ni mkutano wa hadhara. Vitatu vinavyosaidiana vinaufaa mtaa zaidi.

8. Jisajilini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne, na usajili unapitia halmashauri. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu kabla hamjakopeshana hata shilingi moja.