Ekwalaiza na Vikwamizo: Usikikaji wa Hotuba Uwanjani Galbet

Katika mkutano wa hadhara Galbet, Garissa, spika zikianza kupiga kelele, fundi hushawishika kuteremsha vitelezi vyote vya juu vya ekwalaiza. Kelele hukoma, ila /s/ na /sh/, ambazo nguvu zake nyingi zimo juu ya hezi 2,000, hufifia. “Siba” na “shiba” hukaribiana sikioni.

Inafaa vitelezi vyote 31 vianzie sifuri, maikrofoni ikiwa nyuma ya spika. Sauti ipandishwe polepole mpaka mlio wa kwanza usikike, kisha kitelezi cha mlio huo pekee kishushwe desibeli 3. (Istilahi “kisawazishi” hupotosha kidogo: kazi kubwa hapa ni kupunguza.) Mvumo wa upepo hutulizwa chini ya hezi 100, ambako matamshi hayapotezi mengi.