Somo la Mwezi: Kuipima Rafadha ya Mashua Nyumbani



Msimu uliopita tuliifunga mashua yetu rafadha kuukuu, tuliyoinunua kwa kuitazama kwa macho tu. Ilipopakiwa magunia ya karafuu mbichi, mashine ilitoa moshi mweusi na mwendo ukawa wa kusuasua. Tukafika usiku. Karafuu zilikwisha kupata joto ndani ya magunia, na tulipozianika asubuhi majamvini, nyingi zilikuwa zimepauka. Hasara ilikuwa yetu sote na kosa lilikuwa letu, kwani kipimo chenyewe chataka meza, rula, bikari na uzi tu.

Rafadha hujipenyeza majini kama parafujo katika ubao. Masafa ambayo ingalikwenda mbele kwa mzunguko mmoja, lau maji yangalikuwa magumu kama ubao, ndiyo tunayoyaita hapa hatua. Maji huteleza, basi mashua hupata pungufu ya hapo. Aghalabu rafadha hugongwa tarakimu mbili: ya kwanza upana, ya pili hatua, zote kwa inchi. Zikiwa zimefutika, fanya hivi:

1. Pima kutoka katikati ya kitovu hadi ncha ya bawa. Tuseme ni inchi 5. Chukua sehemu 7 katika 10 za kipimo hicho: inchi 3 na nusu.

2. Tandika karatasi juu ya meza iliyo sawa, uchore duara kwa bikari iliyofunguliwa inchi 3 na nusu. Mzingo wake ni 2 mara 22/7 mara 3½, yaani inchi 22.

3. Laza rafadha, kitovu kikae katikati ya duara, tundu lake likiwa wima.

4. Simamisha rula juu ya mstari wa duara, chini ya ukingo mmoja wa bawa. Andika kimo, na utie alama karatasini. Fanya vivyo hivyo kwa ukingo wa pili.

5. Toa kimo kidogo katika kikubwa. Tuseme imebaki inchi 1 na nusu. Kisha laza uzi juu ya mstari wa duara baina ya alama mbili: tuseme inchi 3.

6. Zidisha 22 kwa 1½, ugawe kwa 3. Hatua ni inchi 11.

Pima kila bawa. Yakihitilafiana, rafadha imepinda na itatikisa mashua.

Hatua ikiwa kubwa mno, mashine hulemewa. Ikiwa ndogo mno, huzunguka mbio na mashua isiende. Kwa mashine za kupachika, kupunguza inchi 1 huongeza kiasi cha mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Basi mwenye kubeba magunia asichague hatua ya mwenye kwenda matembezi.

Tunamwomba kila mwenye mashua aandike kipimo chake kabla ya mavuno. Bikari iko ofisini. Ajaye na rafadha yake tutaipima pamoja.

Katibu