Skripti inakubali kwangu, inagoma kwa wenzangu

Swali: Skripti yangu ya Python inasoma faili za Excel kwa pandas. Kwenye kompyuta za wenzangu, zisizo na intaneti, inatoa ModuleNotFoundError. Je, ninakili folda yote ya venv?

Jibu: Usiinakili. Ndani ya venv kumeandikwa njia kamili ya mahali ilipoundwa. Ukiihamisha, amri zake zitaendelea kuitafuta Python kule ilikotoka. Kinachopaswa kusafiri ni orodha ya moduli pamoja na vifurushi vyenyewe. Hifadhi matokeo ya pip freeze katika requirements.txt, kisha endesha pip download -r requirements.txt -d vifurushi. Beba folda hiyo ya vifurushi pamoja na requirements.txt kwa flashi, unda venv mpya huko, usakinishe kwa pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt. Usiiandike orodha kwa kukumbuka: pandas huja na numpy yenyewe, lakini openpyxl, inayohitajika kusoma .xlsx, haiji nayo. Halafu numpy ina msimbo uliokwisha kukompailiwa, kwa hiyo pakulia kwenye mfumo uleule na toleo lilelile la Python. Kifurushi chake chenye cp311 na win_amd64 katika jina hakitakubaliwa na Python 3.12.

Wapo watakaosema PyInstaller inamaliza yote kwa faili moja. Ni kweli, na kwa mtu asiye na Python kabisa ningeichagua hiyo. Ila iliyojengwa kwenye Windows haiendeshwi Linux, na kila ukisahihisha mstari mmoja unajenga na kusambaza upya faili kubwa. Wenzako wakiwa na Python tayari, marekebisho hayo ni kuwatumia skripti peke yake.