SOMO LETU: SUKARI INAYOFUNGA SUMU YA MUHOGO

Ndugu wafanyakazi,

Sisi wa pwani ya Kismayu na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, sukari twaijua kwa chai. Wengine wetu tuliijua kwa jasho la mashamba ya miwa ya Mareerey. Leo tujifunze sukari nyingine, iliyo ndani ya muhogo.

Muhogo hauna miguu ya kumkimbia adui. Silaha yake ni sumu ya sianidi. Lakini sumu ikiachwa wazi humdhuru mwenyewe. Kwa hiyo mmea una kimeng'enya, yaani fundi mdogo sana, ambaye huipachika sukari juu ya kiini cha sumu. Sumu ikishafungwa hivyo hutulia, ikawekwa akiba. Amri ya kumtengeneza fundi huyo imo katika jeni, urithi wa mmea. Mwaka 2011 wataalamu walieleza jeni mbili za muhogo zenye kazi hiyo. Tumbaku ya mwitu ya Marekani nayo hufunga sumu zake kwa sukari. Jeni za kazi hiyo zilipozimwa, mmea wenyewe ulidhurika.

Muhogo ukikunwa au kupondwa, kimeng'enya cha pili huivua ile sukari, na sumu hufunguka. Ndiyo maana mama zetu huumenya muhogo mchungu, huuroweka kwa siku kadhaa, kisha huuanika: sumu itoke nje, isitokee tumboni.

Mwaka 1981 ukame uliipiga Nampula, Msumbiji. Watu walikula muhogo mchungu usiotengenezwa vya kutosha, bila samaki wala maharage ya kuusaidia mwili kuishinda sumu. Zaidi ya watu 1,000, wengi wanawake na watoto, walipooza miguu. Ugonjwa huo, konzo, hauponi. Hawakuwa wajinga. Njaa iliwanyima siku za kungojea.

Ndugu, mama arudiye magharibi kutoka shambani, maji yako mbali, ataroweka saa ngapi? Tukidai maji karibu na kambi na siku ya mapumziko, twadai pia miguu ya watoto wetu.

Maswali ya kuzungumza tawini:
1. Kwa nini mmea huifunga sumu yake?
2. Hapa kwetu, ni nini kinachotuharakisha jikoni?
3. Tufanye nini pamoja?