Kabla ya kufomati: programu inapodai maktaba haipo

Wewe wa ualimu unayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, makala hii ni yako. Nilipangiwa shule moja ya sekondari Kilwa Masoko. Ofisini kulikuwa na kompyuta moja ya Ubuntu, imebeba alama zote za kidato cha nne. Ilipopandishwa kutoka toleo 20.04 hadi 22.04, programu ya matokeo ikagoma:

error while loading shared libraries: libssl.so.1.1

Mwalimu wa taaluma akasema, "Mwalimu, tufomati tu tuanze upya." Nakala ya zile alama haikuwepo pengine popote. Nikamwomba, "Shikamoo mwalimu, naomba tusubiri kidogo," nikanakili folda ya alama kwenye flashi kwanza.

Maktaba hapa siyo ya vitabu. Ni faili ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja, kama mbuzi ya kukunia nazi inayozunguka kwa majirani uani. Ila programu ina nongwa: haitaki mbuzi yoyote, inataka ile ile, kwa jina na namba. Ubuntu 22.04 inatumia OpenSSL 3, na faili lake ni libssl.so.3. Ile ya 1.1 iliondoka na vifurushi vya zamani (vya programu, siyo vya bando).

Uliza kwanza nini hasa kinakosekana:

ldd /njia/ya/programu | grep "not found"

Kama faili lipo kwenye diski, tuseme ndani ya /usr/local/lib, ila mfumo haulijui, sudo ldconfig mara nyingi inatosha. Kama halipo kabisa, apt-file search pamoja na jina la faili itakutajia kifurushi cha kuweka.

Kuna wana watakaokushauri uunge kiungo, yaani libssl.so.3 ijifanye libssl.so.1.1. Kataa. Ndani mambo yamebadilika, na programu itagoma tena kwa kudai toleo silo. Kwa maktaba nyingine ni hatari zaidi: programu inafunguka vizuri, halafu inakufa katikati ya kuhifadhi alama. Njia nyingine ni kurudisha kifurushi cha 20.04. Inafanya kazi, lakini waundaji wa OpenSSL 1.1.1 waliacha kuitolea marekebisho ya bure Septemba 2023, kwa hiyo mimi naihesabu kama kiraka cha dharura. Sisi tulitafuta toleo jipya la programu yenyewe, lililoundwa kwa OpenSSL 3. Alama zikafunguka zote.

Sasa suala la umeme na mtandao. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima. Mtandao ukikatika peke yake si balaa sana, maana apt hupakua vifurushi kwanza ndipo ivifungue. Balaa ni umeme kukatika wakati wa kufungua, hasa kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri. Ikitokea hivyo, piga amri hizi kwa mpangilio huu:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Mimi siku hizi napakua usiku kwa sudo apt-get dist-upgrade -d, nasakinisha mchana umeme ukiwa umetulia. Na kabla ya kubonyeza Y nasoma orodha ya vitakavyoondolewa, jina kwa jina.