Miezi ya Kungoja Kidato cha Tano: Uzi, Jiwe na Fizikia

Nchini Tanzania, mwanafunzi anayemaliza mtihani wa Kidato cha Nne mwezi Novemba hungoja hadi Julai ya mwaka unaofuata ndipo aanze Kidato cha Tano. Hiyo ndiyo likizo ndefu kuliko zote katika masomo yake ya sekondari. Wengi huitumia shambani au dukani kwa wazazi, wala si vibaya. Lakini aliyekusudia kusoma Fizikia hushawishiwa pia kulipia masomo ya ziada, na huko aghalabu hunakili madokezo ya mada za mbele kabla hajaelewa za nyuma. Julai inapofika daftari limejaa, ila jaribio la kwanza humwangusha.

Mara nyingi kinachomwangusha si ugumu wa mada mpya. Katika ngazi hiyo haitoshi kuijua kanuni. Hapana budi mwanafunzi aweze kuigeuza, kuipima, kuichorea grafu, na kueleza kipimo chake kinaaminika kwa kiasi gani. Stadi hizo hazipatikani kwa kunakili. Hupatikana kwa kutenda, na kifaa kimoja kinatosha kuzianza zote: pendula, yaani kitu kizito kilichoning'inizwa kwa uzi kikaachwa kipembee. Yahitajika msumari imara, uzi usiovutika, jiwe dogo au nati ya chuma, rula, na saa yenye kuonyesha sekunde. Ile ya kwenye simu yafaa sana.

Muda wa mpembeo mmoja, yaani kwenda na kurudi, hutolewa na kanuni T = 2π√(L/g). Hapa L ni urefu kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe, na g ni mchapuko unaotokana na uvutano wa dunia. Kabla ya kugusa uzi, mwanafunzi aigeuze kanuni hiyo ili g ibaki peke yake upande mmoja: g = 4π²L/T². Asiyeweza kufanya hivyo bila kufungua kitabu amekwisha kuijua kazi yake ya wiki ya kwanza. Kisha ajiulize: urefu ukiongezwa mara nne, muda utaongezeka mara ngapi? Atakayejibu mara nne hajaiona alama ya kipeuo cha pili. Pendula ya sentimita 25 huchukua karibu sekunde 1, na ya sentimita 100 huchukua karibu sekunde 2.

Sasa apime. Mkono wa mtu huchelewa kuibonyeza saa. Tuseme kosa la kuanza na kusimamisha ni sekunde 0.2. Akipima mpembeo mmoja wa pendula ya mita 1, kosa hilo ni asilimia 10 ya sekunde 2, na kwa kuwa T imo katika kipeo cha pili, g itakosewa kwa kama asilimia 20. Akipima mipembeo 20 kwa mkupuo, atapata karibu sekunde 40.2. Kosa la mkono ni lile lile sekunde 0.2, lakini sasa ni nusu ya asilimia tu, na g inakosewa kwa asilimia 1. Saa haikubadilika wala mkono haukuwa mwepesi zaidi. Kilichobadilika ni namna ya kupima.

Hatua inayofuata ndiyo yenye utamu. Arudie kazi hiyo kwa urefu wa sentimita 20, 40, 60, 80 na 100, kisha achore grafu ya T² dhidi ya L. Nukta zitajipanga katika mstari ulionyooka, na mteremko wake ni 4π²/g, yaani takribani 4.04 kwa sekunde na mita. Mwanafunzi wa kukariri huuliza kwa nini ahangaike na grafu ilhali kanuni ingempa g kwa kipimo kimoja. Basi na achukulie kwamba kila mara alipima uzi hadi kwenye fundo, akausahau umbali wa sentimita 2 kutoka fundo hadi katikati ya jiwe. Akitumia kanuni kwa uzi wa sentimita 20, atakosea kwa karibu asilimia 9. Kwenye grafu, mstari wote utapanda kidogo usipite kwenye sifuri, lakini mteremko wake utabaki ule ule, na g itapatikana sahihi. Tena mahali mstari unapokata mhimili wa urefu, upande wa hasi, patasomeka zile sentimita 2 zilizosahauliwa.

Atakayefanya kazi kwa uangalifu atapata g iliyo karibu na 9.8. Thamani halisi katika ukanda wa pwani ya Tanzania ni kama 9.78, na jijini Paris ni kama 9.81. Tofauti hiyo ndogo iligunduliwa kwa pendula. Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alikuwa Cayenne, karibu na ikweta, akaona kwamba saa ya pendula iliyorekebishwa Paris ilichelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliufanya upungufu huo kuwa ushahidi kwamba dunia imebenuka kwenye ikweta. Pendula ya nyumbani haiwezi kuonyesha tofauti hiyo, kwa kuwa kosa la asilimia 1 ni 0.1. Anayeandika 9.7836 katika daftari lake anajidanganya, anayeandika 9.8, kosa lisilozidi 0.1, amesema kweli.

Jiwe lisiachiwe kutoka mbali sana. Likianzia nyuzi 10 kutoka wima, muda huongezeka kwa asilimia 0.2 hivi, likianzia nyuzi 30, huongezeka kwa karibu asilimia 1.7, kwa maana kanuni yenyewe ni ya mipembeo midogo. Sababu yake itafundishwa darasani.

Lipo swali moja, hata hivyo, linalofaa kujibiwa mapema: kwa nini tungamo ya jiwe haimo katika kanuni? Mwanafunzi aligawe vuta la uzito katika sehemu mbili, moja ikiukaza uzi na nyingine ikilirudisha jiwe katikati, kisha aandike maelezo yake kwa Kiswahili, na baadaye kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha atakayofundishiwa. Anayeweza kueleza kwa lugha moja tu, tena kwa maneno ya kitabu, bado hajaelewa.

Mwalimu atakayempokea Julai anaweza kumpa mtihani usiohitaji karatasi. Kamba ndefu imefungwa kwenye tawi lisilofikika, na jiwe zito limefungwa mwisho wake. Ikipembea mara 10 kwa sekunde 40, tawi liko umbali gani juu ya jiwe? T ni sekunde 4, T² ni 16. Ukigawanya kwa 4.04, ni karibu mita 4.