Kauli ya Kutendwa: Mtenda Asiyetajwa

(a) Mwaka 1977, katika utawala wa Idi Amin, Byron Kawadwa alichukuliwa kutoka Jumba la Taifa la Maigizo, Kampala. (b) Kawadwa aliuawa.

Mtunzi huyu alikuwa ametoka Lagos kuonyesha tamthilia yake ya nyimbo, *Oluyimba lwa Wankoko*.

Vitenzi *chukua* na *ua* huishia sawa, lakini cha kwanza hupokea -*liwa*, cha pili -*wa* tu: *uawa*. Kisarufi sentensi zote mbili zimekamilika bila mtenda. Hata hivyo, *alikufa* hakihitaji mtenda. *Aliuawa* humdai, kisha humficha. Ukifundisha Kabingo, Nakivale, usimlazimishe mwanafunzi mkimbizi kukamilisha “aliuawa na…”.

Zoezi: Geuza (a) iwe kauli ya kutenda. Umemtaja nani, na kwa ushahidi gani?